Miaka Ambayo Bahari Ilirudi Nyuma

Dada yangu aliolewa pwani nikiwa bado msichana wa shule ya msingi kule Mgeta, na kwa muda mrefu nilidhani pwani ni mtaa mwingine wa Morogoro, kwa sababu mwanamume aliyemwoa tulimwona kila mara. Alikuwa mfanyabiashara wa nazi. Alizipakia kijijini kwao, kusini mwa Dar es Salaam, akazishusha Morogoro mjini, nyingine akazifikisha hadi Dumila, pale magari ya Dodoma yanaposimama na watu hununua chochote kinachotoka mbali. Hakupenda lori lake lirudi tupu, kwa hiyo alipanda kwetu milimani kununua kabichi na karoti. Ndivyo alivyomwona dada, ana tenga la karoti kichwani, anashuka njia ya mteremko uliolowa bila kulishika kwa mkono.

Sisi ni Waluguru, na nyumbani ni Wakatoliki tangu enzi za bibi zetu. Yeye alikuwa Mwislamu. Baba alinuna, akaacha kula mezani na wenzake. Lakini kwetu neno la mwisho juu ya binti ni la mjomba, kaka wa mama, maana mtoto ni wa ukoo wa mama, na shamba nalo hupita kwa mama. Mjomba alimkalisha yule kijana kwenye kigoda nje ya jiko letu.

"Huko kwenu mnalima nini?" akamuuliza.

"Minazi, mzee. Na mihogo kidogo. Ardhi yetu ni mchanga."

"Mchanga," mjomba akarudia, kama mtu aliyetajiwa jina la ugonjwa. Akatazama matuta yetu yaliyopanda mlima kama ngazi, akakohoa. "Basi sikia. Binti utamchukua. Dini atafuata yako, akipenda. Lakini watoto atakaozaa ni wa lukolo letu, ukoo wetu huu, na sehemu yake ya shamba hapa haitaguswa na mtu."

Shemeji akasema amekubali. Aliondoka na dada pamoja na magunia ya kabichi. Mama alisimama barabarani hata vumbi lilipokwisha kutulia, mimi nimemshika kanga, sijui tunasubiri nini.

Niliiona bahari kwa mara ya kwanza nilipomtembelea dada, likizo moja ya sekondari. Nilikuwa nimejiandaa kuiogopa, lakini kilichonishangaza ni jinsi ilivyokuwa mbali. Kutoka nyumba ya dada ulipita uwanja wa kuanikia, ukapita kisima, ukapita safu ya minazi michanga, ukapita tena mchanga mweupe mpana, ndipo ukafika majini. Mama mkwe wa dada alinipeleka mwenyewe. Alikuwa mwanamke mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika nyumba ya tatu.

"Unaiona minazi hii, mwanangu?" akaniambia. "Mimi nililetwa hapa bi harusi, hapa palikuwa maji. Mtumbwi wa baba mkwe wangu ulifungwa pale, kwenye mlango wa jiko langu. Kisha bahari ikaanza kurudi nyuma yenyewe. Mwaka huu kidogo, mwaka ujao kidogo. Hatukuiomba. Ikatuachia."

"Kwa nini ilirudi nyuma, mama?"

Akacheka. "Mwenye kutoa anaulizwa kwa nini?"

Katika ardhi ile iliyoachwa na bahari walipanda minazi, wakachimba kisima ambacho maji yake yalikuwa matamu, wakamjengea mwana wao nyumba ya kuanzia maisha na mke wake kutoka milimani. Mbele kidogo, chini ya mivinje, kijiji kizima kikaanza kuzika, kwa sababu makaburi ya zamani yalikuwa yamejaa na mchanga ni rahisi kuchimba.

Dada alipata mtoto mmoja tu, msichana. Alikuwa na macho ya mama yetu na miguu mirefu ya bibi yake wa pwani. Walipokuja Mgeta aliogopa baridi, akawa anatembea amejifunga blanketi la mjomba linaloburuta nyuma kama gauni la harusi, na mjomba, ambaye hakuwahi kucheka na watoto wake mwenyewe, alimfuata nyuma akilinyanyua lisiguse tope. Mtoto alifariki kwa malaria kabla hajaanza shule. Homa ilipanda kichwani asubuhi, na kabla ya adhuhuri alikuwa amekwisha. Mimi nilikuwa chuo cha ualimu. Nilipofika walikuwa wameshamzika chini ya mivinje, kama desturi yao ilivyo, mwili haukai. Mjomba alifika kesho yake. Alisimama nje ya makaburi na kofia yake mkononi, akatazama kile kilima kidogo cha mchanga na bahari iliyokuwa mbali kabisa nyuma yake, kisha akaomba apewe maji ya kunywa.

Dada hakupata mtoto mwingine. Hakurudi kwetu pia. Kila Ijumaa alimtuma mumewe akanyunyize maji kaburini, na jioni yeye mwenyewe alifagia njia inayoelekea huko, akiishia pale wanawake wanapoishia.

Mimi nikawa mwalimu wa jiografia, kwanza shule moja ya Dumila, kisha Morogoro mjini, ambapo nipo mpaka leo. Nimefundisha pepo na mikondo ya bahari miaka mingi, kwa wanafunzi ambao wengi wao hawajaiona bahari, wanaotazama dirishani na kuiona Uluguru tu. Nilichora mishale ubaoni. Kusi huvuma kutoka huku, kaskazi hutoka kule, mkondo huu ni wa joto, ule ni wa baridi. Walinakili, nami nikafuta ubao.

Kisha simu za dada zikaanza kubadilika. Mwanzoni alisema kama mtu anayesimulia mzaha, kwamba maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu, yamefika kwenye minazi ya mbele yakalowesha miguu ya mbuzi. Mwaka uliofuata minazi miwili ilianguka, mizizi juu. Halafu ikawa hasemi tena kwa mzaha.

"Kisima kimeingia chumvi," aliniambia siku moja. "Chai haifai. Tunachota kwa watu."

"Na mama mkwe anasemaje?"

"Anasema itarudi nyuma. Ilishawahi."

Shemeji alijaribu kuzuia. Alipanga viroba vya mchanga, akapigilia magogo, akarundika matumbawe. Bahari ilipita katikati na pembeni. Minazi aliyoipanda na baba yake akiwa kijana ilianguka mmoja baada ya mwingine, na kila ulipoanguka alikwenda kuukagua kama mtu anayekwenda kutambua maiti. Siku moja alirudi kutoka huko, akaketi barazani, akamwomba dada kahawa, na kikombe kikamtoka mkononi. Kiharusi. Alilala ndani majuma machache, akafariki. Hawakumzika chini ya mivinje. Imamu alisema pale si salama tena, wakamzika juu, karibu na barabara kuu, katika kiwanja kilichotolewa na kijiji.

Ndivyo mtoto alivyobaki peke yake chini, na baba yake juu.

Mwaka ule ule waliitwa walimu wa jiografia wa mkoa kwa mafunzo ya siku chache pale Mazimbu, kwenye kampasi ya chuo kikuu. Nilikwenda kwa sababu niliorodheshwa. Mmoja wa waliotufundisha alikuwa mtaalamu wa bahari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ndogo, aliyekuwa ameomba aletewe sinia na feni ya mezani. Alimimina maji kwenye sinia, akawasha feni. Maji yakasogea upande mmoja, upande ule yakapanda, upande wa feni yakapungua mpaka bati likaonekana.

"Mnaona," akasema. "Maji hayajaongezeka. Upepo umeyapanga tu."

Akazima feni, maji yakarudi. Akatuambia bahari ni ngumu kuliko sinia. Kwanza dunia inazunguka, kwa hiyo maji yanayosukumwa hayaendi moja kwa moja, yanapinda. Pili, bahari ina tabaka la juu la maji ya joto, na pale upepo unapolirundika likawa nene, uso wa bahari unanyanyuka, kwa sababu maji ya joto huchukua nafasi kubwa. Unapolisukuma likawa jembamba, uso unashuka. Na upepo unaofanya hivyo si lazima uvume kwenu. Unaweza kubadilika katikati ya Bahari ya Hindi, mbali na nchi yoyote, na habari zake zikaja Afrika polepole kwa mawimbi marefu ambayo hakuna mtu ayaonaye, yanayosafiri ndani ya maji kuelekea magharibi kwa miezi mingi, pengine miaka, mpaka yafike kwenye mwambao wetu.

"Kwa hiyo pepo zikikaa namna moja miaka mingi," akasema, "pwani moja inaweza kuona bahari inashuka, ingawa bahari zote za dunia kwa jumla zinapanda. Watu wa pale watadhani wamesalimika. Hata sehemu zetu hizi za magharibi mwa Bahari ya Hindi zimewahi kupitia kipindi cha namna hiyo. Halafu pepo zinageuka. Ile nafuu inaondoka, na kupanda kote kulikokuwa kumefichwa kunakuja pamoja."

Nilinyanyua mkono. Nilitaka kuuliza kama mwalimu, lakini sauti ilinitoka ya mtu mwingine.

"Hao watu," nikasema, "kama walijenga. Kama walizika."

Yule mtaalamu aliniangalia, akaelewa kwamba swali lile halikutoka kitabuni. Wakati wa chai alinifuata chini ya mti nilikokuwa nimejitenga, akaniomba nimsimulie. Nikamsimulia minazi, kisima, mivinje.

"Siwezi kusema kwa kijiji kimoja ambacho sijakipima," akaniambia taratibu. "Pengine mikoko ilikatwa, pengine mchanga ulichotwa mahali, mkondo wa ufukweni ukabadili njia. Mambo haya huja yameshikana. Lakini unachonieleza kinafanana."

"Pepo zikigeuka tena, itarudi nyuma?"

"Zinaweza kugeuka. Huenda ikapumzika miaka kadhaa." Akaweka kikombe chini. "Lakini usawa wenyewe wa bahari umeshapanda, mwalimu. Haitarudi pale ilipokuwa."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Niliwaza juu ya yule bi harusi wa zamani akitazama maji yakiondoka mlangoni mwake mwaka hadi mwaka, akashukuru. Hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba ile haikuwa zawadi. Na hata angekuwepo, ni nani angemsikiliza, na ardhi mpya iko mbele yake, kavu, inang'aa?

Dada alipiga simu kipupwe kilichofuata, kusi ikivuma kwa nguvu. Alisema mvinje wa kwanza umeanguka, na mizizi imekuja na kitu. Hakusema kitu gani. Sikuuliza.

Mjomba naye alikuwa amesikia. Alishuka kutoka Mgeta kwa lori la mboga, akiwa na umri ambao mtu hapaswi kupanda lori, akanikuta nyumbani kwangu. "Mtoto ni wetu," akasema kabla hajaketi. "Nilisema mwanzo na baba yake alikubali. Twende tukamlete."

Tulifuatana. Kule tuliwakuta watu wa shemeji na imamu wamekaa kikao barazani kwa jirani, kwa kuwa baraza ya dada ilikuwa imepasuka katikati. Imamu, mtu mpole mwenye ndevu nyeupe, alitueleza kwamba kaburi halifukuliwi ovyo, lakini likihofiwa kuchukuliwa na maji, kumhamisha maiti si dhambi, ni kumstahi. Hapo wote walikubaliana. Walipotofautiana ni wapi apelekwe. Mjomba alisema mlimani, kwenye ukoo wake. Baba mdogo wa mtoto alisema la, aliswaliwa hapa, atalala na baba yake. Sauti zilianza kupanda.

"Mmeniuliza mimi?" dada akasema.

Alikuwa ameketi mlangoni na mama mkwe wake, wamejifunika kanga moja. Macho ya mama mkwe yalikuwa yameshaingia ukungu wakati huo, mtoto wa jicho.

"Alipozaliwa nilikuwa peke yangu naye," dada akasema. "Alipokufa nilikuwa peke yangu naye, nyinyi wote mlikuwa safarini au sokoni. Alale na baba yake. Baba yake naye hana mtu pale."

Waliafikiana kusubiri maji mafu, siku ambazo bahari haipandi sana.

Siku hiyo sisi wanawake tulibaki kwenye visiki vya minazi, mbali kidogo, kama desturi inavyotaka. Wanaume walichimba wakiwa wamefunga vitambaa puani, bure tu, maana hapakuwa na harufu ila ya chumvi. Bahari ilikuwa imetulia, imejinyoosha mbele yetu kwa upole kiasi kwamba ungedhani inasingiziwa. Pembeni, ule mzunguko wa mawe wa kisima cha dada ulikuwa umesimama peke yake ufukweni, mrefu kama bomba la moshi, kwa sababu mchanga uliokizunguka ulikuwa umekwenda wote.

Walichimba muda mrefu kwa kaburi dogo namna ile. Kisha imamu akainuka, akaja hadi tulipokuwa.

"Mama mtoto," akasema, "njoo."

Wanaume wengine walitazamana, wakampisha. Dada aliinuka. Nami nikamfuata, nimemshika kiwiko. Kwenye sanda mpya, nyeupe, palikuwa na mchanga ulioiva rangi kidogo kuliko mwingine, na ndani yake vifupa vichache, vyembamba. Vyote vingetosha viganja viwili vya imamu.

"Mchanga wa hapa hula," imamu akamwambia kwa sauti ya chini. "Usifadhaike. Tumechukua kila tulichokiona, na mchanga wenyewe tumeuchukua, maana na huo ni yeye."

Dada alichuchumaa. Hakulia. Alinyoosha mkono, akausawazisha ule mchanga ndani ya sanda kama vile alivyokuwa akimtandikia.

Mjomba alikuwa amesogea na kofia yake mkononi. "Mwanangu," akamwambia, "nipe basi hata konzi moja. Nikaifukie kando ya kaburi la mama yenu. Konzi moja tu."

"Mjomba," dada akasema bila kugeuka, "msimgawanye mtoto."

Mzee yule alivaa kofia yake. Akaondoka kuelekea kwenye kile kisima kilichosimama, akakiegemea kwa mgongo, na mabega yake yakawa yanapanda na kushuka. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo, hata kwenye msiba wa mama. Nilikwenda nikasimama karibu naye, mpaka walipomaliza kuifunga sanda na kuibeba kuelekea juu.

Majuma machache baadaye ukuta wa nyumba ya dada uliokuwa upande wa bahari ulianguka. Ndipo alipokubali kuja kwetu. Mama mkwe alikataa kuondoka. Alichukuliwa na jamaa mmoja mwenye nyumba karibu na barabara, akamwambia dada nenda, mwanangu, kapumzike kwa ndugu zako, ukirudi maji yatakuwa yamekwenda zao.

Mjomba alimpeleka dada shambani siku ya pili. Hakuna aliyekuwa ameligusa miaka yote ile ila kwa kulitunza. Matuta yalikuwa yamenyooka, mfereji umesafishwa. "Ni lako," akasema. "Hakuna wa kukuuliza hapa."

Dada alipanda njegere na kabichi. Mikono yake ilikuwa haijasahau. Majirani walimpokea vizuri. Jumapili wakienda kanisani walimpitia kumsalimu, naye alirudi ndani akaswali peke yake, kwenye mkeka wake mwembamba juu ya sakafu baridi. Nilipopanda kumwona wakati wa likizo nilimkuta amekonda. Alikuwa akipalilia, na kila ukungu ulipoanza kujaa bondeni chini yetu, ukipanda polepole kwenye mashamba ya wengine, aliacha jembe akautazama mpaka uishie.

"Niambie yale mambo ya upepo," akaniambia siku ile. Nilikuwa nimemgusia kwenye simu, juu juu tu.

Nikaketi kwenye tuta, nikamweleza kama nilivyoelezwa, sinia na feni, maji ya joto na mawimbi yasiyoonekana. Alisikiliza akivunja udongo kwa vidole.

"Kwa hiyo hakuna mtu aliyetukosea," akasema mwishowe.

"Kuna joto ambalo watu wameliongeza duniani. Hilo ni la watu. Lakini kule kurudi nyuma kwa zamani, hapana. Ulikuwa upepo."

"Ningependa angekuwepo mtu," akasema. "Ningemwendea."

Hakumaliza msimu. Jirani wa pwani alipiga simu kwamba mama mkwe ameanguka, na tangu aanguke hataki chakula cha mkono wa mtu mwingine. Dada alifunga nguo zake siku hiyo hiyo. Mjomba alikasirika, ndiyo mara ya pekee niliyomsikia akimpandishia sauti.

"Mume amekufa! Mtoto tumemwacha kule! Unarudi kwa nani?"

"Kwa mama."

"Mama yako amelala pale, makaburini juu ya kanisa!"

"Huyo amelala, mjomba. Yule mwingine anasubiri uji."

Mjomba akaenda shambani mwenyewe, akarudi na kabichi tatu na njegere za kwanza, ambazo zilikuwa bado changa, akazitia kwenye kapu lake. Dada alimshika miguu. "Shikamoo, mjomba," akasema, ingawa walikuwa wameamkiana asubuhi. "Marahaba, mwanangu," akamjibu. "Nenda."

Niliwatembelea shule zilipofungwa. Walikuwa wamehamia chumba kimoja cha kupanga karibu na barabara, chenye dirisha linalotazama magari. Mama mkwe alikuwa haoni kabisa sasa, mwili umebaki mrefu kitandani, sauti imepungua. Asubuhi, dada alipomwinua na kumwegemeza ukutani, swali lake lilikuwa moja.

"Maji yamefika wapi leo?"

"Yamerudi nyuma, mama," dada akasema huku akipoza uji. "Yamefika kule kwenye mwamba."

"Na minazi?"

"Ipo. Inazaa."

Nilishusha macho. Nilikuwa nimetoka huko ufukweni muda mfupi uliopita. Pale palipokuwa na nyumba, watoto walikuwa wakikanyaga maji ya magotini.

Mama mkwe akageuza uso kuelekea nilikokaa. "Mwalimu," akaniita, "wewe umesoma mambo haya. Ni kweli inarudi?"

Dada aliacha kukoroga. Hakunitazama, aliutazama uji tu.

"Ni kweli, mama," nikasema. "Pepo zimegeuka."

"Niliwaambia," akasema, akatabasamu, akafungua kinywa apokee kijiko.

Alifariki mwanzoni mwa mvua. Nilikwenda kumzika. Wakamlaza kando ya mwanawe na mjukuu wake, na baada ya matanga nilimuuliza dada kama sasa atarudi kwetu, maana hakuna aliyebaki wa kumpikia uji.

"Wako watatu pale," akasema. "Nani atafagia?"

Sikumsihi. Nilimwachia sweta langu, kwa sababu alidai baridi ya Mgeta imemwingia na sasa anaisikia hata pwani, akanisindikiza hadi kituoni. Shamba lake mjomba amelikabidhi kwa binti mmoja wa ukoo, mjane, na dada aliridhia kwa simu, akauliza tu kama mfereji bado unapitisha maji. Mwaka huu kijiji kimeanza kuzungumzia kuhama, na kiwanja kile cha makaburi karibu na barabara kimo katika eneo wanalosema litabaki kavu. Dada ameniambia hilo mara mbili, kwa sauti ya mtu anayeogopa kufurahi.